Siku Moja ya Kufunga Malka

Jumatatu, 4 Agosti

Mama ameenda Malindi, dada amejifungua. Nimeachiwa shamba letu la hapa kijijini Wema, kuku wanne na tasnifu yangu ya sheria: haki za mtu wa tatu katika ardhi ya mwenzake. Mhadhiri amerudisha sura ya kwanza. Ameandika pembeni kwamba imejaa vitabu, haina watu.

Watu nitawatoa wapi? Anayepita hapa ni Mzee Gollo na ng'ombe wake sabini, pamoja na bintiye Darmi. Wanafuata malka, ile njia ya mifugo inayokata shamba letu hadi mtoni tangu enzi za babu. Mzee husimama dakika mbili. Huuliza hali ya Mama, ya mahindi, mpaka ya mhadhiri. Darmi huniachia maziwa. Halafu hao, wameenda. Siku yangu imekwisha, na ni saa tatu asubuhi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Kitabu kinasema mtu akipita kwako miaka nenda miaka rudi bila kupingwa, anajipatia haki. Dawa yake: funga njia siku moja tu, aombe ruhusa, umpe. Hapo Gollo itabidi aketi. Tutajadiliana saa nzima, pengine mbili. Darmi atakuwepo. Tasnifu itapata watu!

Nimeziba malka kwa matawi ya miiba. Suruali imechanika. Nimebandika tangazo: njia imesimamishwa kwa muda, maombi yapokelewa chini ya paa la jiko.

Jumatano, 6 Agosti

Nilivaa tai. Nilitandika mkeka, nikachemsha birika zima la chai.

Gollo alisimama mbele ya miiba. Akatazama tangazo, akatazama tai. Nikamweleza habari za haki zisizosajiliwa. Akasema, "Wakili, ng'ombe hii haijui kusoma. Iko na kiu." Nikamwomba aingie yeye kwanza, ng'ombe wasubiri kidogo. Akaniuliza kama Mama anajua. Nikanyoosha tai. Akapiga mluzi, kundi lote likageuka. Darmi hakuaga.

Chai nimeinywa peke yangu. Yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Miiba niliiondoa jana alfajiri. Nikafagia na njia. Hakupita mtu. Leo pia.

Wanapita kwa jirani, Silas! Amefyeka safu mbili za migomba yake ili wapite. Silas, aliyeishia darasa la saba! Nilipanda kichuguu kuchungulia. Mzee Gollo alikuwa ameketi kwenye gogo. Kwangu hajawahi kuketi! Darmi alikuwa anacheka. Nilitaka sana kujua anacheka nini.

Jioni Silas alikuja mpakani. Alisema malka haifungwi, hasa kiangazi. Babu yake na babu wa Gollo walinuniana miaka kumi, lakini njia haikuwekwa hata kijiti. Akanishauri niende tu nikaseme nimekosea, Mzee hana kinyongo. Nilimjibu kwamba suala bado linachambuliwa. Akaenda zake.

Nyumba iko kimya mno. Nimewapa kuku majina, nikawaita mmoja mmoja. Nina upweke, na ninauandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimeenda kuomba radhi. Kweli kabisa. Nilifika kwa Silas nikiwa nimeinamisha kichwa. Mzee Gollo akainua fimbo kunisalimu, akaniita nije. Darmi akasogea, akaniachia nafasi kwenye gogo. Zilibaki hatua tatu.

Ndipo likanijia! Ikiwa ng'ombe wamepita kwetu tangu enzi za babu, basi na sisi tuna haki yetu: haki ya kupitiwa! Silas ameipora mchana kweupe. Nikawaambia samahani, nina kazi ya dharura. Nikarudi nyumbani mbio.

Notisi imekamilika, kurasa nne. Silas anapewa siku saba kurudisha ng'ombe wote, Mzee, Darmi na salamu za kila asubuhi. Kifungu cha mwisho nimekipigia mstari: majibu yasitumwe kwa simu. Yaletwe hapa kwa mguu, na atakayeyaleta asiondoke kabla ya saa nzima kwisha.