Safari ya Kumwambia Mwalimu Amechuja

Jumamosi, 14 Juni 2025. Mbalizi

Nimemaliza kitabu cha kumi na tisa cha Mwalimu Gerson. Sikucheka hata mara moja! Joka Kifaduro, yule aliyekuwa kila akitaka kutema moto anakohoa na kuunguza ndevu za mfalme, sasa amepona. Kurasa sitini nzima yuko kwenye semina ya ujasiriamali. Jirani yangu Naima, muuza vitabu, kasema mwandishi wangu amechuja na hatauza tena vitabu vyake. Roho imeniuma. Miaka yote hii namsomea Naima kwa sauti kibandani kwake, tunacheka mpaka wateja wanakimbia! Nitakwenda Ilula, nimwambie Mwalimu ukweli usoni. Lazima Joka aokolewe.

Jumatatu, 16 Juni. Ndani ya basi

Nimenunua mchele Igawa. Siendi kwa mtu mikono mitupu. Hotuba nimeikariri: Mwalimu, umechuja, mrudishie Joka kikohozi chake. Mama wa kiti cha pembeni kaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 17 Juni. Ilula

Nimemwona! Anachuma nyanya, kama mtu wa kawaida! Mkono uliomuumba Joka umeushika wangu. Nikafungua kinywa kuanza hotuba, ikatoka shikamoo. Nikafungua tena. Shikamoo nyingine.

Akasema tule kwanza. Akaniletea jogoo na kisu: yeye Mlutheri, mimi Mwislamu, nichinje mwenyewe nile bila wasiwasi. Jogoo akawika huku akikohoa. Mwalimu akasema kikohozi cha Joka alikipata kwa babu yake jogoo huyu. Ya Rabi! Nimemchinja hivyo hivyo.

Mtu amekupa jogoo wa ukoo ule, utamwambiaje amechuja? Tulipokwisha kula akaniomba nimwambie kweli, kitabu kipya kimenichekesha? Maana yeye alitaka kuishia cha kumi na mbili, ila meseji za sifa ninazomtumia kila kitabu kikitoka ndizo zilizomfanya aendelee. Nikasema nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akafurahi sana. Basi anaanza cha ishirini: Joka anafungua SACCOS.

Alhamisi, 19 Juni. Mbalizi

Nimerudi na tenga la nyanya. Naima kauliza kama nilimwambia. Nikasema nilimwambia yote. Hakuamini, ila nyanya kachukua.

Nimefikiri sana. Mwalimu hajachuja, amekosa tu wa kumtia moyo. Nimemtumia meseji ndefu kukisifu kitabu cha ishirini. Nimemwambia sura ya SACCOS imenitoa machozi ya kicheko.