Wiki Niliyomwokoa Mama Émilienne

Baraka, Jumatatu, 10 Machi 2003

Mvua tangu alfajiri. Habari mbaya. Mama Émilienne anaacha kupika sabuni. Alisema hivyo huku akiikata kwa waya, bila kuniangalia: kama rundo la sabuni iliyokomaa halitakuwa limeuzwa lote Jumamosi, anapanda boti kwenda Kigoma kwa binti yake. Ndani ya nusu-pipa la kupikia watalala kuku.

Huyu ndiye aliyenipa chumba nilipoteremka kutoka Fizi miaka minne iliyopita, nikiwa na kamusi moja na kiatu cha kushoto. Hakuniuliza kanisa wala ukoo. Aliniuliza kama nimekula. Tangu siku ile nakula.

Tatizo ni Waziri, mwenye boti. Analeta sabuni ya bluu kutoka ng'ambo, yenye karatasi na harufu ya maua. Watu wanapenda karatasi! Hawaoni kwamba faida ya sabuni ile inavuka ziwa na hairudi. Wakinunua ya Mama Émilienne, Dorothée wa Lweba anauza mawese yake, wakata kuni wanapika jioni, na mzee wa miaka sitini na tisa, mpangaji wake, ana paa. Nimeandika hoja hii kwa aya tatu juu ya ubao. Nimeutundika sokoni.

Jioni: hakuna aliyeusoma. Mbuzi mmoja alijikinga mvua chini yake. Namshukuru kwa kufika.

Jumanne, 11 Machi

Aya zilikuwa nyingi mno. Watu wanataka kuona kwa macho. Nilichukua kipande cha sabuni, nikashuka ufukweni wanapofulia bamama, nikatangaza shindano: shati langu jeupe, la pekee, kwa sabuni ya kwetu, mwenye sabuni ya bluu na ajitokeze. Walikusanyika wengi. Nilisugua kwa nguvu zote. Povu! Weupe! Makofi!

Kisha kola ikabaki mkononi mwangu.

Kumbe sabuni ya mawese lazima ikae wiki tatu, soda kali ya kupikia ipoe ndani yake. Nilichukua ile iliyokatwa jana. Sikujua. (Miaka minne tunalala ukuta mmoja, mimi na sabuni.) Viganja vimechubuka. Mama mmoja alicheka hadi beseni lake likaenda na mawimbi. Mwingine akapaza sauti: "Mzee, hii haiko sabuni, iko dawa ya kuua mashati!"

Waziri alikuwa akishusha mizigo karibu. Yeye hakucheka. Alivua shati lake akanipa. Jambo hili liliniudhi kuliko vicheko vyote. Nililivaa kwa sababu ya baridi. Linanikaa vizuri sana. Nashukuru, shingo upande.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna mteja. Wawili waliokwisha kununua wamerudisha. Mama Émilienne anakunja nguo zake na kuzipanga kikapuni, moja moja. Aliponiona aliacha, akanipaka mawese viganjani taratibu kama anavyowapaka wajukuu, akasema: "Baba, mi nakuomba kitu kimoja. Usinisaidie tena."

Niliguswa. Mwanamke mwenye shida kubwa namna hii, na bado anaogopa kunichosha! Lazima nifanye jambo kubwa zaidi.

Nimepata. Kengele.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika chini ya mgomba, mlimani.

Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa. Jumapili hupigwa polepole. Siku nyingine ikipigwa, maana yake ni moja, na hapa hata anayetambaa anaijua: wenye bunduki wanakuja, beba mzigo wako. Naijua kuliko wengi. Tangu mwaka wa sitini na nne nimekimbia mara kumi na moja. Kwa hiyo nilitunga mapigo tofauti kabisa, ya kibiashara: matatu, kimya, matatu, halafu tangazo la sabuni kwa sauti ya kistaarabu.

Nilipiga matatu. Hakuna aliyesubiri kimya.

Milango! Masufuria! Kuku chini ya kwapa! Nilipiga kelele kwamba ni sabuni, ni sabuni tu. Mzee mwenzangu aliyepita mbio aliniuliza wamefika wapi. Nikamjibu: kwa Mama Émilienne, wahi upesi. Akaongeza mbio, kuelekea upande mwingine.

Nakiri jambo moja. Nilipoona mji mzima unakimbia, nilianza kufikiri kwamba huenda wanajua nisilolijua. Nikakimbia nao. Mara ya kumi na mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Tulilala kwenye matope, mvua juu yetu. Watu nisiowajua walinigawia muhogo wa kuchoma na nusu ya turubai. Hakuna aliyeumia, hakuna mtoto aliyepotea. Nimemshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi kuliko kawaida yangu, na kwa sauti ndogo.

Asubuhi Norbert, chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alituma vijana wawili wakachungulie mji. Walirudi wakicheka. Mji mtupu, walisema. Hakuna askari hata mmoja. Yuko Mama Émilienne peke yake, anakoroga sabuni mpya kwa kasia kuukuu. Kengele ilipolia alikuwa ameshamimina soda, na mafuta yaliyoingia soda hayaachwi. Aliwaambia vijana kwamba alijiandaa kuwaeleza wenye bunduki wangoje amalize.

Tukateremka, matope hadi masikioni. Ufukweni nilisimama. Kengele ilipolia, Waziri alikuwa na boti imejaa sabuni ya bluu. Alitupa makatoni yote mchangani, akapakia vikongwe, bamama na batoto wao, akawavusha hadi Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Bure. Makatoni yalinyeshewa usiku kucha na mawimbi yakayamalizia. Ufukwe mzima ulikuwa unatoa povu la bluu lenye harufu ya maua.

Nililiangalia shati lake nililolivaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mji mzima mchafu, na sabuni iko nyumba moja tu! Foleni ilianza kabla ya jua. Saa nne rundo lililokomaa lilikwisha. Hata yule wa "dawa ya kuua mashati" alikuja, akachukua vipande vinne, akasema ananunua kwa mama aliyebaki, si kwa mzee aliyepiga kengele.

Mchana Waziri akarudi na abiria wake wote, wazima. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Émilienne. Kule Ubwari, alisema, watu wanamwomba sabuni. Je, anaweza kumpikia makatoni sita kila mwezi? Mama alijibu kwamba hana makatoni. Atafunga kwa majani ya mgomba. Wakacheka wote wawili. Kisha Mama aliingia ndani, akatoa nguo kikapuni, akazianika.

Jioni Norbert aliniita mbele ya wazee. Mkono juu ya Biblia, niliapa kutoigusa kengele maisha yangu yote. Nilirudi nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama Émilienne alikuwa ameniwekea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. "Mi iko hapa, Baba, sitaenda tena," alisema. "Sasa kula, na unyamaze."

Nilikula. Machozi kidogo. Moshi, labda.

Jumapili, 16 Machi

Ibada nzuri. Baada ya ibada nilizungumza na Shukuru, seremala. Maskini! Hakuna anayenunua viti vyake. Kila mtu anataka vya plastiki kutoka Uvira. Anafikiria kufunga na kuondoka. Fundi kama huyo! Nilimshika mkono, nikamwambia asiondoke, aniachie mimi. Uzoefu ninao sasa. Mbinu yangu imejaribiwa na matokeo yameonekana na mji mzima. Nimekaa mchana kutwa nikiipima: watu wanaorudi kutoka mlimani huwa wamechoka sana, na aliyechoka anahitaji kiti.

Kuhusu kengele nimeapa, na kiapo ni kiapo. Filimbi hakuna aliyeitaja.