Majivu ya Ngazija Ngazini pa Msikiti

Jumapili, 17 Aprili 2005
Alhamdulillahi, daftari langu. Redio inasema mlima wa moto wa Ngazija, kule Komoro, umelipuka. Ardhi ilitetemeka kwanza, kisha majivu. Ndege labda zisiruke. Na mgeni wetu wa maulidi ya Alhamisi ni wa huko huko! Miaka kumi na moja nasoma maulidi, lakini pale pa kusimama, Mtume anapotajwa kuzaliwa na watu wote wima, hupewa mgeni. Sifurahii msiba wa watu. Nimewaombea. Kisha nikanywa tangawizi, sauti ilainike.

Jumatatu, 18 Aprili
Nimemwambia Imamu Athumani hakuna ndege. Ile "labda" nimeiacha redioni. Kasema tusubiri. Nikaongeza kuwa mtetemeko nao uko njiani, unakuja Mtwara. Filipo wa utafiti wa korosho, Naliendele, akadakia: kule ni moto uliojitafutia njia chini ya mlima wao, hauna safari ya huku. Kasoma, adabu hana.

Jumanne, 19 Aprili
Nimemwaga majivu ngazini msikitini. Ushahidi. Imamu kayachambua kwa kidole, akatoa mwiba wa samaki. Akasema, Maalimu Issa, mlima gani huu unakula vibua? Nikamjibu ni mlima wa kisiwani. Nyumbani, mke wangu Farida anamtafuta aliyechukua majivu yake ya kuhifadhia kunde.
Hata hivyo, wazee wa safu ya mbele wamehamia karibu na mlango.

Alhamisi, 21 Aprili
Alasiri, mgeni hayupo. Imamu akanikabidhi kitabu. Nilipokaribia pale pangu, lori la saruji likapita nje, madirisha yakagongana. Watu wote wakasimama. Nikajua ni sauti yangu hiyo. Nikafumba macho, nikasoma kwa machozi. Farida akaniita nyuma ya pazia: Baba Salumu, hebu fumbua macho.
Mikeka mitupu. Mlangoni mzee mmoja, matope hadi magotini, ananisikiliza. Mgeni. Alikuwa Dar tangu wiki iliyopita, kaja kwa basi. Watu wakarudi kwa ajili yake. Akasoma yeye.

Ijumaa, 22 Aprili
Nimetubu, rakaa mbili, kwa dhati. Mgeni kanisifu sauti. Mwakani anarudi, kwa basi hilo hilo.
Nimempitia Filipo, kwa elimu tu, kuuliza kama kuna mlima wa moto kati ya Dar na Mtwara. Kasema hakuna, ila mvua kubwa hukata barabara.
Nimeanza kuomba mvua. Ya mihogo.