Jinsi Chai Ilivyoingia Katika Malighafi

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nasimulia vita vikuu vilivyopiganwa ndani ya karakana ya viti, baina ya Meneja, Simba wa Stoo, Mbeba Funguo Zote, na Mshauri, ile programu ya kompyuta iliyojua mipango yote ya biashara ndogondogo isipokuwa kiu.

Mshauri aliuliza, Meneja akajibu ndiyo au hapana, au akaandika alichoulizwa, kisha mpango wa mwezi ukatoka kama amri ya sultani. Na mwenye karakana, dada yake Meneja, alikuwa ameapa kuufuata neno kwa neno.

Asubuhi moja Mshauri aliuliza: "Mpika chai hutengeneza viti?"

Meneja, mtu mkweli, akabonyeza hapana. Radi ikapiga: "Kazi isiyozalisha. Iondolewe."

Shujaa wetu Meneja akaikodolea macho kompyuta. Mpika chai, ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi, hakuwa na riziki nyingine. Na tangu jino la Meneja lianze kumsumbua, ndiye aliyekuwa akimpoozea chai yake, bila kuombwa.

"Mbona umeduwaa, mwanangu?" akauliza Shangazi mlangoni, birika mkononi. "Hilo dude limekutukana?"

"Limekutukana wewe, Shangazi."

"Lisamehe. Labda halijanywa kitu tangu asubuhi."

Ndipo Simba wa Stoo akainuka, akakaza mkanda, akanguruma hadi mikebe ya rangi ikatetemeka: "Ewe Mshauri usiye na koo! Umewatiisha wafyatua matofali, umewapigisha magoti wenye mashine za kusaga, lakini leo umenikuta mimi!"

"Punguza sauti, bosi!" akafoka seremala kutoka uani. "Tunapima miguu huku!"

Shujaa akaketi, akarudi mwanzo wa maswali, vidole vyake viwili vikisonga mbele kama majeshi. Mshauri alipouliza malighafi, akaandika mbao, misumari, gundi. Akavuta pumzi, akaongeza: chai. Msimamizi wake: Shangazi.

Kiduara cha kungojea kikazunguka kwenye kioo cha kompyuta. Kisha Mshauri akatamka: "Msimamizi wa malighafi ni muhimu. Abaki. Akiba ya chai haitoshi. Simamisheni kazi zote mpaka chai ifike."

Nyundo zikalala. Misumeno ikanyamaza. Mafundi wakaingia na vikombe, vumbi la mbao kwenye nyusi, wakamtazama mshindi kwa heshima kubwa.

"Sasa tunangoja nini?" akauliza Shangazi, akiinua birika. "Si hii imeshafika?"

Naam, wakanywa, kwa amri halali ya kompyuta. Na kikombe cha Meneja kilikuwa kimepoozwa tayari.