Krawinkel Awazamisha Wageni

Hapana mtu Ujerumani nzima aliyevipeleka vidudu mbali kama Detlef Krawinkel, na hapana mtu aliyevichukia kama yeye.

Krawinkel alikuwa mwenyekiti wa chama cha wavua samaki kwa ndoana, kwenye mfereji unaoingia mto Havel. Kwa maoni yake mwenyewe alikuwa pia mlinzi wa mpaka. Samaki ambaye babu yake hakuzaliwa mfereji ule alimhesabu mvamizi.

Basi Juni moja akafunua gogo bichi ukingoni, vidudu vikamrukia. Vilikuwa vidogo, rangi ya udongo, jamii ya kamba wa majini, ila vinakaa nusu majini nusu nchi kavu na kuruka kama viroboto. Kimoja kikatua juu ya mkate wake wa soseji.

Akavipiga picha, akaituma chuo kikuu. Akajibiwa na Daktari Friederike Tesdorpf, mtaalamu wa viumbe hao: asili yao ni kusini huko, wamepanda taratibu mfereji kwa mfereji pamoja na meli, miaka na miaka. Tafadhali asiwahamishe.

Krawinkel alisoma hadi neno "kusini", akafunga barua.

"Nitavimaliza," akamwambia mkewe, Roswitha.

"Kwa sumu?"

"Sumu ni ya wasio na akili. Nitavizamisha. Vinakaa nchi kavu, vitakufa maji."

"Lakini Detlef, si vimekuja kwa mfereji?"

"Vimekuja kwa meli. Tangu lini abiria akajua kuogelea?"

Roswitha akaendelea kumenya viazi. Alikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa, alijua mahali pa kunyamaza.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi Krawinkel alizoa majani yaliyooza pamoja na wakazi wake, akajaza ndoo mbili, akafunika kwa gunia bichi visimrukie garini. Kuvizamisha mferejini kwake hakutaka, mizoga ingemchafulia maji. Akaendesha hadi ziwa la mbali, akamwaga, akapiga saluti. Jumamosi iliyofuata, ziwa jingine, ili asizoeleke. Jumamosi saba, maziwa saba.

Ukingo wake haukupungua kidudu hata kimoja. Yeye alisema vimeanza kuogopa.

Septemba ukawadia mkutano wa mwaka. Krawinkel akamwalika Daktari Tesdorpf mwenyewe, aje aone jinsi mtu wa vitendo anavyofanya kazi. Daktari akaja na ramani.

"Tumepata jambo la ajabu," akawaambia wanachama. "Maziwa saba yasiyounganishwa na mfereji wowote, hayaingii hata boti. Kiangazi hiki vidudu vimetokea katika yote saba. Tunashuku bata."

Krawinkel akaitazama ramani. Nukta saba nyekundu.

"Ni bata," akasema haraka. "Mimi bata siwaamini kabisa."

Roswitha alikuwa anapakua saladi ya viazi. Akasogea, akavaa miwani.

"Detlef, hili la juu si lile ulilokwama na gari matopeni? Na hili hapa ndiko ulikotoka umeng'atwa na nyuki. Mbona yote ni yako?"

Daktari akamgeukia mwenyekiti.

"Ulivipeleka wewe vidudu huko, Bwana Krawinkel?"

"Nilivizamisha," akasema. "Vyote. Kwa utaratibu."

"Vinaogelea, bwana. Ukivimwaga majini, vinafika ukingoni na kuanza maisha."

Makamu wake, Uwe Pankonin, alitoka nje kukohoa. Kikohozi kile kilisikika hadi ng'ambo ya mfereji, na kilifanana sana na kicheko.

Oktoba ripoti ya chuo ikatoka. Chini ya kichwa "Njia za usambazaji" waliandika tatu: meli, mafuriko, na mwenyekiti mmoja wa chama cha wavuvi.

Krawinkel aliisoma akiwa mezani, akanung'unika kwamba wamemweka wa mwisho.

"Wamekuonea," akasema Roswitha, akimmiminia kahawa. "Meli zimehangaika miaka mingapi, wewe umemaliza kwa kiangazi kimoja."