Gazeti la Maji la Watoto wa Uani

Jumatatu, 20 Januari
Balaa! Doña Gumercinda, mwenye nyumba wetu, ametangaza uani kwamba kuanzia Februari maji yatalipiwa kwa vichwa, na mtoto naye ni kichwa. Hadi sasa watoto walikuwa bure. Sisi chumbani tuko sita. Mama akasema hakuna njia: Abi, mdogo wangu wa miaka sita, ataenda kukaa kwa bibi kule Coroico mpaka mambo yapoe. Abi akauliza kama huko kuna watoto. Mama akasema kuna kuku wengi.

Lazima mtu akazungumze na Doña Gumercinda. Mimi ndiye mkubwa, nimemaliza shule Desemba, nina cheti. Nikapanda hadi mlangoni kwake. Nikamsalimu. Akaitikia. Nikamsalimu tena. Nikashuka.

Nimepata njia bora! Ijumaa ni Alasita, sikukuu ya vitu vidogo. Siku hiyo hutoka magazeti madogo kama kiganja, yanayowatania wakubwa, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Tutatoa letu. Watoto wa uani watasema. Mimi nitakaa nyuma ya karatasi.

Jumanne, 21
Kikao kwenye karo la kufulia. Watoto tisa. Brisa, miaka kumi na moja, akajichagua mhariri mkuu. Nilipinga, moyoni. Kila mmoja aeleze kilichopanda bei kwao. Milton akasema kwao yai moja wanakula wawili, na kaka yake daima hupata upande wenye kiini. Brisa akasema baba yake alipanga foleni ya mafuta ya kupikia tangu alfajiri, akarudi na sabuni. Foleni ilikuwa ya sabuni, na alipogundua alikuwa ameshafika mbele. Pacha wa chumba cha nne wakasema mama yao huongeza maji kwenye supu. Maji nayo yakipanda, ataongeza nini? Swali zuri mno! Nikaandika yote.

Jumatano, 22
Ugomvi juu ya maneno ya ukurasa wa kwanza. Nilitaka: “Ombi la Unyenyekevu Kuhusu Maji.” Brisa akacheka hadi akakaa chini. “Dada Nayda, hiyo si barua ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni?” Yeye alitaka: “Doña Gumercinda Anatunyonya.” Tukakutana katikati: MAJI YAPANDA! HATA WATOTO KULIPA! Herufi nene. Mwenye mashine ya kunakili akauliza kama nitauza pamoja na miwani. Nakala mia moja!

Alhamisi, 23
Kukunja. Vidole vimechubuka. Abi amejifungia mzigo mwenyewe: sweta, mwanasesere, na gazeti letu moja la kumsomea bibi. Kusoma bado hajui. Mama alimtazama, akatoka kwenda kufua nguo zilizokuwa safi. Kesho lazima tushinde.

Ijumaa, 24
Saa sita kamili mchana! Uwanja umefurika. Kila mtu na alichonunua: nyumba za plasta, magari ya bati, magunia ya mchele ya ukubwa wa kidole. Vyote vinapitishwa kwenye moshi wa ubani ili mwaka huu vije kwa ukubwa wake halisi. Brisa na wenzake wakapaza sauti: “Gazeti! Gazeti la watoto!” Mimi na kapu langu tulijificha nyuma ya muuza maua. Mzee wa ubani, anayebariki vitu vya watu, akatuona. Kabla sijafungua mdomo, akalifukiza kapu, akalinyunyizia pombe na maua, akaomba yote yaliyomo yatimie, yakue, yaongezeke. Nikasema asante sana. Nikamlipa!

Mama mmoja mwenye sketi ya marinda akachukua nakala, akasoma kwa sauti. Akaniuliza, “We binti, unajua umebariki nini hapa?” Nikajua. Mama yangu! Nimeyabariki maji yapande! Wanawake wakanizunguka. Mmoja alitaka kujua wenye nyumba wamenilipa ngapi. Doña Gumercinda naye alikuwepo, jumba la plasta la ghorofa nne mkononi. Akanunua nakala tano. Akaniita mwanangu!

Nikiwa natafuta pa kukimbilia, Abi akamvuta Doña Gumercinda sketi. Akamuuliza, kwa sauti ile ile ya kuombea mkate, kama anaweza kubaki nyumbani iwapo atakunywa maji shuleni tu. Maana kwa bibi kuna kuku peke yao.

Wanawake wakaniacha, wakamgeukia mwenye nyumba. “Eh, mama! Mtoto anahamishwa kwa ajili ya kikombe cha maji? Na wewe umeshika ghorofa nne?” Doña Gumercinda akababaika. Akasema nani anamhamisha mtoto, yeye hakuambiwa, angejuaje? Basi, aliye chini ya miaka kumi halipiwi. Alisema mbele ya mzee wa ubani, moshi ukiwa bado unafuka. Halirudi nyuma hilo.

Jumamosi, 25
Ushindi! Abi amefungua mzigo. Mama anaimba. Nimekaa kutafakari kilichotufanikisha. Ni herufi nene, bila shaka. Na busara yangu ya kutojitokeza.

Sasa mkate. Mwenye duka la pembeni hajapandisha bei, ila mkate wenyewe unazidi kusinyaa. Mpango uko tayari: Kanivali, vinyago tisa, wimbo wa beti kumi na mbili, Brisa mbele, mimi nyuma ya ngoma. Abi akasema anaenda dukani sasa hivi, je, amuulize tu? Nikamwambia atulie. Bado mdogo, hajui mambo haya yanavyoendeshwa.