Jenereta Niliyoisamehe Makaburini

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Diwani Nunow amefariki alfajiri. Tumemzika baada ya adhuhuri. Mungu amrehemu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo inavyoandikwa.

Miaka minne iliyopita diwani huyu aliondoka na jenereta ya kisima chetu hapa Iftin, eti inakwenda kutengenezwa. Ikatengenezwa kweli. Inamwagilia ndizi zake kando ya mto Tana mpaka leo. Sisi tunanunua maji ya mkokoteni wa punda, na yakikosekana wake zetu wanayabeba mgongoni kutoka mtoni. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kisima. Nimemwandikia barua kumi na moja.

Makaburini Sheikh Aden akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mwenye dai kwa marehemu: aseme au asamehe. Swali hilo nilikuwa nalingoja tangu asubuhi. Nikafungua kinywa. Watu mia mbili wakasema, "Tumemsamehe." Nikasikia na sauti yangu imo, tena juu ya zote. Mdomo wangu hufuata kundi kama mbuzi.

Bare, makamu wangu, hakusema kitu. Anadai ni msimamo. Kilikuwa kikohozi. Nilisimama kando yake.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeamka na hasira. Pale msibani, waliomwita Nunow fisi mpaka Jumapili sasa wanamwita nguzo. Yakub wa duka la nguo, aliyenyang'anywa ploti na Nunow huyo huyo, analia mpaka anashikwa mabega. Nikamuuliza polepole, na ile ploti je? Akaniambia nimche Mungu, mtu ameshakufa. Unafiki mtupu. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesamehe kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikanywa chai.

Nyumbani, mke wangu Maka akasema, "Baba Ruweyda, wewe umesamehe. Mgongo wangu haujasamehe."

Nikaenda kwa Sheikh Aden. Akanieleza kwamba dai langu mwenyewe limekwisha, lakini jenereta ni ya watu wote, na sikuwa na ruhusa ya kusamehe kisicho changu. Niwaambie warithi, tena waziwazi. Alhamdulillahi. Sijawahi kufurahi hivi kwa kuambiwa sina mamlaka.

Jumatano, 7 Agosti

Dua ya siku ya tatu. DC, mkuu wa wilaya, amealikwa, kwa hiyo hotuba ni kwa Kiswahili badala ya Kisomali, na mwenyekiti wa kisima amepewa dakika tano.

Bare alitaka niseme hivi tu: marehemu alichukua jenereta yetu, tunaomba irudi. Bare hana siasa. Huwezi kusema "alichukua" mbele ya mjane. Nikamwambia nitasema "alitutunzia". Nitamsifu Nunow kwa utunzaji mpaka warithi waone haya, wairudishe wenyewe. Bare akauliza, "Mzee, hiyo haya yao utaitoa wapi?" Wivu.

Nilisema vizuri, lazima nikiri. Nikasimulia wezi, kutu, na jinsi marehemu alivyoichukua jenereta yetu kama mtoto yatima akailea. Khadro, mjane wake, akalia. Mimi pia.

Akasimama Awil, mwana mkubwa. Akanigeukia, akaniita ami kwa Kisomali: "Adeer Mahamed, umetufunza jambo." Akaapa kwamba familia haitaiangusha amana ya baba. Wataendelea kuitunza palepale shambani.

DC akafurahi sana. Akaagiza chifu aiandike ahadi hiyo, pasije pakatokea ugomvi baadaye. Nikaombwa kutia saini kama shahidi. Nikatia. Kalamu ilikuwa ya DC mwenyewe, ningekataaje?

Alhamisi, 8 Agosti

Iftin nzima hainisalimii. Maka amenipa mitungi miwili na kunionyesha njia ya mtoni.

Bare alikwenda kumwona Awil, akamuuliza bila kuzunguka. Awil akamwambia kwamba baba yake alimwusia kitandani airudishe, naye alikuwa akingoja dua ipite tu. Sasa kuna karatasi ya DC, na maneno ya adeer Mahamed mbele ya watu. Atasemaje baba alikuwa mwizi?

Siamini hata kidogo. Mtu haombwi kitu hivihivi akakubali.

Ijumaa, 9 Agosti

Awil anagombea kiti cha babake. Mkutano wa kampeni ni Jumapili.

Bare na Sheikh Aden wanataka tuende kwa DC, niseme mimi Mahamed nilidanganya, karatasi ifutwe. Dakika mbili, anasema Bare. Tazama utovu wa adabu. Kumvua marehemu nguo, na wiki haijaisha!

Nina njia bora. Nimemwomba Awil niwe msemaji wake, amekubali kwa mikono miwili. Jumapili nitamsifu mbele ya umati kwa kuturudishia jenereta, kabla hajairudisha. Hapo hana pa kutokea. Niko ukurasa wa nne wa hotuba, na bado sijamaliza ukarimu wake.